Kumi na Mbili Nini? Somo la Aina na Klasi Katika Kompyuta

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Naandika kutoka hapa Buna, Wajir Kaskazini, ambako jua halina mzaha na ngamia ana heshima yake. Najua wenzangu wengi wa Chama cha Kiswahili wameleta mashairi, vitendawili na visa vya kuchekesha. Mimi naomba ukurasa wangu niutumie kwa somo. Tafadhali usipite haraka kwenda kwa vitendawili! Ni somo la kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wetu apendavyo kuiita), lakini nitalifundisha kwa ngeli na mbuzi, vitu ambavyo sisi sote twavijua.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli kabisa. Lakini mimi nilikuwa na daftari, tena jipya la kurasa 96, na mali bado ikapotea. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

KISA CHA DAFTARI LANGU

Mwaka wa 2022 nilikuwa darasa la saba. Mvua ilikuwa imekataa tangu mwishoni mwa 2020, msimu baada ya msimu, na mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kandokando ya njia. Siku moja wazee wa mtaa wetu walipata habari kwamba lori litaleta nyasi kavu. Marobota hayangetosha kila mtu. Wakakubaliana hivi: wenye mifugo wachache wapewe kwanza, wenye wengi wangoje lori lingine. Basi ikahitajika orodha. Babu yangu akasema, "Huyu kijana ana mwandiko mzuri." Mimi nikavimba kichwa, nikachukua kalamu, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Niliandika vile nilivyoambiwa. Nyumba ya kwanza nikaandika: "ngamia 9, wanne wanakamwa." Ya pili: "mbuzi thelathini hivi." Ya tatu: "ng'ombe wawili na ndama, lakini mmoja ni mgonjwa." Nyumba nyingine mzee alisema, "Andika kama huyo wa juu," nami nikapiga mstari tu. Kufika saa saba jua lilikuwa limenipiga sawasawa. Nilianza kufupisha. Nikafika kwa mama mmoja mjane ambaye sisi watoto twamwita Eddo, yaani shangazi. Nikaandika jina lake na mbele yake nikaandika "12". Basi. Nikaenda kunywa chai.

Nyumba iliyokuwa juu yake kwenye ukurasa ilikuwa na ngamia 15. Wazee waliposoma orodha ile jioni, kwa tochi, waliona 15, halafu 12 chini yake, wakafahamu ni ngamia. Mwenye ngamia 12 kwetu si maskini. Eddo akawekwa miongoni mwa wa kungoja. Nyasi zikaisha. Lori lile lingine sikuliona.

Wiki mbili baadaye alinisimamisha njiani. Kwetu mtu mzima humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwitia, kwa hivyo aliniita Eddo.

"Eddo, kwenye daftari uliniandika nini?"

"Kumi na mbili, Eddo."

"Kumi na mbili nini?"

Nilikosa jibu. Alikuwa na mbuzi 12. Mwisho wa ukame ule walibaki 3. Sisemi kwamba wote tisa waliuawa na daftari langu, maana ukame uliua wa kila mtu, hata wa waliopata nyasi. Lakini yeye hakupata hata robota moja, na sababu yake ni mimi. Swali lile limenikaa kichwani mpaka leo. Nilipoingia sekondari na kuanza somo la kompyuta, niligundua kwamba watu wakubwa wa dunia walijiuliza swali lilo hilo, wakalitafutia dawa. Dawa yenyewe inaitwa AINA.

DATA NI NINI, NA AINA NI NINI?

Data ni habari zilizoandikwa ili zitumike: jina, idadi, tarehe, bei. Kompyuta huhifadhi data zote kwa sifuri na moja. Ndani ya tumbo lake, jina lako na umri wako na picha yako vyote ni mistari ya sifuri na moja. Haijui kwamba hii ni miaka na hii ni shilingi. Kwa hivyo ni lazima tuiambie: "Kilicho hapa ni nambari," au "Kilicho hapa ni maandishi," au "Hapa pana jibu la ndiyo au la." Kuambia huko ndiko kutaja aina.

Aina hufanya kazi mbili. Kwanza, inaeleza ni thamani gani zinakubaliwa. Kama mahali ni pa nambari, huwezi kuweka "thelathini hivi". Pili, inaeleza unaweza kufanya nini na thamani ile. Nambari mbili unaweza kuzijumlisha. Majina mawili huwezi kuyajumlisha kihesabu, ila unaweza kuyapanga kwa alfabeti.

Sasa hebu tazama daftari langu tena. Mbele ya jina la kila mtu niliweka kitu tofauti: nambari, sentensi, mstari mtupu. Hakukuwa na aina. Kila nyumba ilikuwa na sheria yake, na msomaji alilazimika kubahatisha.

NGELI NI AINA

Wewe mwanachama wa Chama cha Kiswahili, usiogope. Umekuwa ukitumia aina tangu darasa la kwanza. Zinaitwa ngeli.

Ukisema "kiti", umekiweka katika ngeli ya KI-VI. Kuanzia hapo kila neno linalofuata lazima likubali: kiti kile kizuri kimevunjika. Ukisema "kiti yule mzuri amevunjika", mwalimu ataweka alama nyekundu kabla hujamaliza. Hahitaji kukiona kiti chenyewe. Anasoma upatanisho tu, anajua pana kosa. Kompyuta inayokagua aina hufanya vivyo hivyo. Inasoma programu yako kabla haijaanza kazi, na ikiona umejumlisha jina na nambari, inakusimamisha mlangoni. Inakusumbua, ndiyo, lakini ni afadhali kusumbuliwa na kalamu nyekundu kuliko kusumbuliwa na Eddo njiani.

Sisi wa Kaskazini Mashariki huchekwa sana kwa ngeli. Mtu akitusikia tukisema "ng'ombe yangu imepotea", anacheka mpaka machozi. Ukweli ni kwamba kosa hilo lina sababu. Neno "ng'ombe" halibadiliki katika umoja na wingi, kama vile "nyumba" na "nguo", ambazo ni za I-ZI. Ukiangalia umbo peke yake, utasema ng'ombe ni wa I-ZI pia. Lakini Kiswahili kina sheria iliyo juu ya umbo: chenye uhai huingia A-WA. Ndiyo maana twasema "ng'ombe wangu amepotea", "kifaru amelala", "kipofu amefika", ijapokuwa kifaru na kipofu wana sura ya KI-VI. Yaani, aina ya kitu haitokani na sura yake bali na vile kilivyo.

Lakini angalia jambo moja zaidi, na hapa ndipo penye kiini. Tuseme siku ile nisingeandika "12" bali ningeandika kwa maneno "kumi na wawili". Upatanisho wa A-WA ungewaambia wazee kwamba ni viumbe hai, si marobota wala mitungi ya maji. Lakini usingewaambia ni ngamia au ni mbuzi! Wote ni A-WA. Kwa hivyo aina moja pana haitoshi. Twahitaji aina iliyo pana, "mfugo", na ndani yake aina zilizo nyembamba: ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo. Wataalamu wa kompyuta wana njia ya kufanya hivyo, nami nitaifikia.

REKODI: VITU VINAVYOKAA PAMOJA

Nambari na maandishi ni aina ndogo ambazo lugha ya kompyuta huja nazo. Lakini mwenye programu anaweza kutunga aina zake mwenyewe kwa kuunganisha zile ndogo. Aina iliyounganishwa namna hii huitwa rekodi. Mwaka wa 1970, mtaalamu wa Uswisi aitwaye Niklaus Wirth alitoa lugha ya Pascal, ambayo imefundishia wanafunzi wa nchi nyingi, na ndani yake mtu aliweza kutunga rekodi na kuipa jina. Bwana Wirth aliaga dunia Januari 2024, lakini wazo hilo linaishi katika karibu kila lugha ya leo.

Mimi nitaandika kwa Kiswahili, kama tufanyavyo darasani tunapopanga programu kwenye karatasi kabla ya kugusa mashine:

REKODI Nyumba
   mwenyewe : maandishi
   kijiji : maandishi
   ngamia : nambari
   ng_ombe : nambari
   mbuzi : nambari
   kondoo : nambari
MWISHO

Umeona? Hii yenyewe haina habari za mtu yeyote. Ni kama fomu tupu, au kama kibati cha kufinyangia matofali. Ukishakuwa na kibati, kila tofali litatoka sawa na jingine. Nyumba ya Eddo ni tofali moja:

mwenyewe : Eddo
kijiji : Buna
ngamia : 0
ng_ombe : 0
mbuzi : 12
kondoo : 0

Sasa "12" haiwezi kupotea njia. Imeshikwa mkono na neno "mbuzi". Na mimi mwandishi, hata nikichomwa na jua la saa saba, siwezi kufupisha, kwa sababu fomu inaniuliza: ngamia wangapi? ng'ombe wangapi? Siwezi kwenda kunywa chai mpaka nijibu.

Faida ya pili ni kwamba kibati kinatumika tena. Ukishatunga rekodi "Nyumba" mara moja, unaweza kuitumia kwa nyumba 10 au 10,000, kwa orodha ya nyasi leo na orodha ya chanjo kesho. Hutungi upya. Ukitaka kuongeza punda, unaongeza mstari mmoja mahali pamoja, na kila orodha itakayotumia rekodi ile itajua kwamba sasa kuna punda.

KLASI: REKODI INAYOJUA KAZI YAKE

Rekodi ni nzuri, lakini imelala tu. Inashika habari, haifanyi lolote. Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliona kwamba ingekuwa bora habari na kazi zake zikae pamoja. Walikuwa wakitengeneza lugha ya kuigiza mambo ya ulimwengu, kama vile foleni za watu na magari, ili mtu aone foleni itakuwaje kabla haijatokea. Katika lugha yao ya Simula 67 walileta wazo la KLASI. Mwaka wa 2001 walipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo kubwa kabisa katika fani ya kompyuta.

Klasi ni aina yenye vitu viwili: sifa (habari inazoshika) na matendo (kazi inazojua kufanya). Kitu kinachotengenezwa kutoka kwa klasi, mimi nakiita kitu halisi. "Ngamia" ni klasi. Yule ngamia wa babu mwenye sikio lililopasuka ni kitu halisi. Usichanganye, ndugu yangu: huwezi kukamua klasi!

Klasi pia hurithi. Tunatunga klasi pana kwanza:

KLASI Mfugo
   jinsia : dume au jike
   umri : nambari (miaka)
   anakamwa : ndiyo au la
   TENDO kipimo
MWISHO

Halafu tunatunga zile nyembamba. Hatuandiki tena jinsia wala umri, kwa sababu zimekwisha kurithiwa. Tunaandika kile tu kinachotofautisha:

KLASI Ngamia ni Mfugo
   TENDO kipimo : rudisha 1.4
MWISHO

KLASI Ng_ombe ni Mfugo
   TENDO kipimo : rudisha 1
MWISHO

KLASI Mbuzi ni Mfugo
   TENDO kipimo : rudisha 0.1
MWISHO

KLASI Kondoo ni Mfugo
   TENDO kipimo : rudisha 0.1
MWISHO

Hapo ndipo tumefanya kile ambacho A-WA peke yake haikuweza. Mfugo ndiye A-WA. Ngamia na Mbuzi ni watoto wake, kila mmoja na tabia yake.

Sasa utauliza, hizo 1.4 na 0.1 nimezitoa wapi? Sikuziota.

KIPIMO KINACHOLINGANISHA NGAMIA NA MBUZI

Wataalamu wa mifugo walikuwa na shida kama ya wazee wetu. Mwenye ngamia 3 na mwenye mbuzi 20, nani ana mali zaidi? Huwezi kulinganisha vichwa kwa vichwa. Kwa hivyo walibuni kipimo kiitwacho TLU, ambacho ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kipimo cha mifugo wa nchi za joto. Taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, yenye makao makuu Nairobi, ilikitumia katika bima ya mifugo iliyozinduliwa Marsabit mwezi wa Januari 2010. Katika bima hiyo ng'ombe mmoja ni TLU 1, ngamia mmoja ni 1.4, na mbuzi au kondoo kumi ni TLU 1. Setilaiti hutazama ukijani wa malisho kutoka angani, na malisho yakikauka kupita kiwango, mwenye bima hulipwa. Hapa Wajir bima ya namna hiyo ililetwa mwaka wa 2013 na kampuni ya Takaful Insurance of Africa, kwa kufuata sheria ya Kiislamu. Na kuanzia 2015 serikali nayo ilianza mpango wa kuwalipia bima wafugaji wa Turkana na Wajir waliochaguliwa, TLU 5 kwa kila nyumba.

Hizo TLU 5 ni mifugo wangapi? Hebu tuhesabu pamoja. Ngamia 3 ni 3 mara 1.4, yaani 4.2. Mbuzi 8 ni 0.8. Jumla ni 5 kamili. Au ng'ombe 5. Au mbuzi 50. Nyumba tatu tofauti, kipimo kimoja.

Sasa tumpe kompyuta kazi:

TENDO jumla_ya_nyumba
   jumla = 0
   KWA kila mfugo katika nyumba
      jumla = jumla + kipimo cha mfugo
   rudisha jumla
MWISHO

Tazama uzuri wake. Programu haiulizi, "Wewe ni ngamia au mbuzi?" Inasema tu, "Mfugo, nipe kipimo chako," na kila mmoja anajibu kwa klasi yake. Kesho ukileta klasi ya Punda yenye kipimo chake, tendo hili halibadiliki hata herufi moja.

Nilipofika hapa darasani, niliweka hesabu ya Eddo. Mbuzi 12 ni 1.2. Kisha nikaweka ile wazee waliyoisoma. Ngamia 12 ni 16.8. Ni tofauti ya mara 14. Kwa kukosa neno moja la herufi tano, nilimfanya mama mwenye mbuzi wachache kuwa tajiri mara 14 kuliko alivyokuwa. Nilizima kompyuta nikatoka nje kidogo.

Faida nyingine: vipimo hubadilika. Mtaalamu Hans Jahnke, katika kitabu chake cha mwaka wa 1982 kuhusu ufugaji wa Afrika, alichukua TLU moja kuwa mnyama wa kilo 250, akampa ngamia 1, ng'ombe 0.7, na mbuzi au kondoo 0.1. Kama wazee wangetaka kufuata hesabu hiyo, mimi ningebadilisha mstari mmoja ndani ya klasi ya Ngamia na mmoja ndani ya klasi ya Ng'ombe. Basi. Lakini kama ningekuwa nimeandika 1.4 kila mahali katika programu, ningeitafuta mpaka usiku, na mahali pamoja ningepasahau. Kanuni ni hii: tunga mara moja, mahali pamoja, kisha utumie popote.

HATA WAKUBWA HUSAHAU

Usidhani kosa langu ni la watoto wa darasa la saba tu. Mwezi wa Septemba 1999, shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo kilichosafiri miezi tisa kwenda sayari ya Mars. Programu moja duniani ilitoa hesabu za msukumo kwa kipimo cha pauni, na programu iliyozipokea ilidhani ni kipimo cha newton. Nambari zilipita mkononi bila kuulizwa, "Nini?" Chombo kikashuka chini mno, kikapotea. Wao walikuwa na wahandisi na setilaiti, mimi nilikuwa na kalamu ya shilingi kumi, na sote tuliangushwa na nambari isiyokuwa na aina.

MIPAKA YA SOMO HILI

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba aina ni dawa ya kila ugonjwa. Kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, aina haizuii uongo. Mtu akisema ana mbuzi 4 na ana 40, kompyuta itakubali, kwa sababu 4 ni nambari halali.

Pili, wazi si sifuri. Kama sikumkuta mtu nyumbani, nisiandike ngamia 0. Sifuri ni jibu. "Sijui" ni jibu lingine. Klasi nzuri huacha nafasi ya "haijulikani", na anayesoma lazima akumbushwe kwenda kuuliza tena. Vinginevyo asiyekuwepo anageuzwa kuwa asiye na kitu, au mwenye kitu.

Tatu, na hili nilifunzwa na babu. Nilimwonyesha klasi yangu ya Ngamia, nikamsomea: jinsia, umri, anakamwa. Akacheka. Akasema, "Na huyu wa kubeba mizigo umemweka wapi?" Kwa Kisomali ndama wa ngamia ni nirig, kijana wake ni qaalin, jike mzima ni hal, anayekamwa ni irmaan, dume la mizigo ni rati, na dume la mbegu ni baarqab. Mimi nilikuwa nimeandika "dume au jike" nikajiona mtaalamu! Wazee wetu walikuwa na klasi ndani ya klasi kabla kompyuta haijazaliwa. Kwa hivyo ukitaka kutunga aina nzuri, usianzie kwenye mashine. Anzia kwa watu wanaokijua kitu chenyewe, uwaulize wanakiitaje na wanakitofautisha vipi. Mimi sasa nimeongeza klasi mbili. Babu anasema bado.

TAMATI

Mpenzi msomaji, mwaka huu nilichukua lile daftari la zamani nikaziingiza nyumba zote katika kompyuta ya shule, nikitumia klasi zangu. Nyumba ambazo sikuweza kuzifahamu kutoka kwenye daftari nilizirudia kwa miguu. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyofikiri. Eddo hakuwa peke yake.

Nilipofika kwake nilimwomba msamaha. Aliniwekea chai, akaniambia ukame ni wa Mungu lakini daftari ni langu. Kisha akanitajia mifugo wake polepole, mmoja mmoja, nami nikaandika: mbuzi majike 5, wawili wanakamwa, dume 1. Akaniuliza, "Umeandika mbuzi?" Nikamgeuzia daftari akaone. Hajui kusoma, lakini alilitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya neno lile, nami nikalitamka.

ZOEZI

1. Tunga rekodi ya "Mwanafunzi" kwa ajili ya shule yako. Taja kila sehemu na aina yake. Ni sehemu gani isiyofaa kuachwa wazi?

2. Nyumba ina ngamia 2, ng'ombe 1 na kondoo 6. Kwa vipimo vya bima ya Marsabit, ni TLU ngapi? (Jibu: 4.4. Usilitazame kabla ya kuhesabu!)

3. Sahihisha, kisha ueleze ni aina gani imevunjwa: "Kiboko kile kimezama mtoni."

4. Muulize mzee wa kwenu majina ya ng'ombe kwa umri na kazi. Chora klasi zake, kisha umwonyeshe. Akicheka, anza upya.

MSAMIATI

Aina: ukomo wa thamani zinazokubaliwa mahali fulani, na kazi zinazoweza kufanywa nazo.
Rekodi: aina iliyounganishwa kutoka kwa aina nyingine, kila sehemu na jina lake.
Klasi: aina yenye sifa na matendo pamoja.
Kurithi: klasi nyembamba kupata sifa na matendo ya klasi pana bila kuandikwa upya.
Kitu halisi: kimoja kati ya vile vinavyotengenezwa kutoka kwa klasi.

Wasalaam, na tukutane mwakani Inshallah. Ukiandika nambari, usiiache pekee yake. Mwandikie nani wake.